Aliyeandika Ndiye Asomaye

"Soma kwa sauti, mama. Hapa si kanisani, hatusali kimoyomoyo," alisema Bi. Frida, na wauguzi wawili waliokuwa wakitandika vitanda wakacheka.

Anyesi alijikohoza. Kitandani mbele yake alikuwa amelala mkulima mmoja wa zabibu, mwanamke wa Hombolo, macho yamemtoka kwa hofu. Aliitazama karatasi iliyokuwa mikononi mwa Anyesi kana kwamba ndiyo kisu chenyewe. Maneno yote yaliyokuwamo Anyesi aliyajua, maana aliyachapa mwenyewe asubuhi ile. Lakini kuyachapa ni jambo moja na kuyatamka mbele ya watu ni jambo jingine. Sauti ilimkwama kooni kama punje ya mtama.

"Mimi... nakubali... kupasuliwa..."

"Kupasuliwa wapi? Sokoni?" Bi. Frida aliuliza. "Lete hapa. Utatuulia wagonjwa wetu kwa usingizi kabla ya dawa ya usingizi."

Aliinyakua karatasi akaisoma yeye, haraka haraka, kama kondakta anayetaja vituo. Mwanamke wa Hombolo akabonyeza dole gumba lake bila kuuliza kitu. Walipoondoka, alibaki Mwanasha peke yake, muuguzi wa zamu. Alichukua pamba yenye spiriti akamfuta yule mama wino, kidole kwa kidole, taratibu, ingawa wino ulikuwa kwenye kidole kimoja tu.

Hospitali ile ilikuwa ya binafsi, moja ya zile zilizochipuka Dodoma baada ya serikali kuwaruhusu tena watu binafsi kutibu. Daktari wake mkuu, Dokta Respicius, mtu wa Bukoba, alikuwa na mazoea aliyorudi nayo kutoka masomoni ng'ambo. Hakuandika. Alisema. Akishamwona mgonjwa aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akawasha kinasa sauti kidogo na kukieleza kila kitu: kwanza kwa Kiingereza, kwa ajili ya faili; kisha kwa Kiswahili, kwa ajili ya mgonjwa. Watu walisema daktari huyo huongea na mashine zaidi kuliko anavyoongea na binadamu, na hawakumsingizia.

Kaseti ndiyo iliyofika kwa Anyesi. Alivaa hedifoni, akakanyaga pedali ya kurudisha sauti nyuma na kuipeleka mbele, akapiga chapa. Lakini kama mgonjwa alihitaji kupasuliwa, kazi yake haikuishia kwenye mashine. Alipaswa kwenda wodini, asimame kando ya kitanda, amsomee mgonjwa yale maneno ya Kiswahili neno kwa neno, ndipo mgonjwa aweke sahihi au dole gumba. Huko nyuma mama mmoja aliambiwa na muuguzi kwamba atasafishwa tu, akaja kugundua kwamba kizazi chake kimetolewa. Tangu siku hiyo Dokta Respicius alitaka maneno ya kweli yasomwe kwa sauti, na mtu wa kuyasoma awe yule aliyeyasikia kutoka kinywani mwake. Amri hiyo Bi. Frida, msimamizi wa ofisi, aliipenda kama sala. "Aliyeandika ndiye asomaye," alisema, asubuhi na jioni, ingawa mwenyewe aliivunja akikosa subira.

Anyesi alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Na nyumbani kwake Makole, hakukuwa na kazi nyingine ila hiyo.

---

"Nisomee ile ya ngiri," alisema Gideoni, mumewe, akajinyoosha kitandani na kujivutia shuka hadi kidevuni.

Gideoni alikuwa mtunza stoo wa shirika la umma hadi shirika lilipouzwa na watu wakapunguzwa. Siku hizi alikaa na marobota ya mitumba ya mtu mwingine pale sokoni, jioni akarudi na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amechoka, lakini mkewe alipomweleza namna alivyochekwa wodini, yeye ndiye aliyebuni dawa: awe mgonjwa, Anyesi awe mwenyewe.

"Mimi, Gideoni, nimeelezwa kwamba nina ngiri ya kinena upande wa kulia..."

"Sisikii!"

"Nimeelezwa kwamba nina ngiri ya kinena!"

"Uwii! Majirani wamesikia! Nakataa, sipasuliwi!" Gideoni alirusha shuka akakimbilia mlangoni, na Anyesi akacheka hadi akakaa chini. Wakaanza upya. Kila jioni ilikuwa hivyo, huku mlenda ukichemka jikoni. Mpaka ngiri, mabusha, bawasiri na vivimbe vyote vikawa vimepita katika mwili wa Gideoni, naye akawa amevikataa vyote.

Kazini Mwanasha naye alimwongezea la kwake. "Usimwangalie mgonjwa usoni, dada, utamwogopa. Mwangalie mikono. Mikono ikitulia, ameelewa. Ikizidi kushika shuka, hajaelewa, rudia."

Anyesi akaangalia mikono. Taratibu sauti yake ikatoka kooni, ikapata njia. Alijifunza kusimama karibu na kutosita kwenye maneno mazito. Aligundua kwamba mgonjwa huumia zaidi anaposomewa na mtu mwenye aibu, kwa sababu aibu ya msomaji humwambukia. Siku moja alipotoka wodi ya wanawake, Dokta Respicius alimsimamisha kwenye korido.

"Leo nimekusikia mpaka chumbani kwangu," alisema, akaendelea na safari yake. Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Bi. Frida alilisikia neno hilo na halikumpendeza. "Sauti imepatikana," alisema. "Tutaona kama itadumu mpaka mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ndio ungekuwa mwisho wa majaribio: kupewa barua ya ajira au kupewa kwaheri.

---

Katikati ya mwezi huo, treni ya kutoka Gulwe ilimshusha Dodoma Mzee Ndahani, baba yake Gideoni, akiwa ameshikwa mkono na binti yake Lydia. Mzee alikuwa hawezi kukojoa. Tumbo lilimvimba na kuwa gumu kama ngoma, na mgongo ulimuuma hata akawa analala amekaa. Walipita moja kwa moja hadi hospitalini, mzee akawekewa mpira wa mkojo. Mzee alilia machozi ya nafuu, akamshukuru kila mtu, hata mfagiaji.

Watu wa Uwanda wa Kati wanajua adabu iliyopo kati ya mkamwana na baba mkwe. Tangu aolewe, Anyesi hakuwahi kulitamka jina la mzee huyu. Alimwita Baba na kumsemesha kwa wingi wa heshima, na akizungumza na wengine alimwita Mzee wa Gulwe. Hakukaa alipokaa yeye. Chakula alikiweka, akapiga goti, akaondoka. Mzee naye alimtunzia heshima yake: hata sasa, kila Anyesi alipoingia wodini na chupa ya uji, mzee alijifunika uso kwa shuka, akaitikia salamu kutokea humo ndani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Baba."

"Mungu akutunze. Uji wako mtamu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote, na kwa miaka yote yalitosha.

Asubuhi moja Anyesi alivaa hedifoni, akakanyaga pedali, na sauti ya Dokta Respicius ikalitaja jina la mzee masikioni mwake. Alisimamisha mkanda. Akatazama dirishani, upepo ukifagia vumbi uani. Kisha akakanyaga tena, maana kazi ni kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akachapa, herufi hata moja haikukosewa. Karatasi ilipotoka kwenye mashine ilisema hivi:

*Mimi, Ndahani Chilewa wa Gulwe, nimeelezwa kwamba nina saratani ya tezi dume, nayo imekwisha kusambaa mifupani. Nimeelezwa kwamba nitaondolewa korodani zote mbili ili kuupunguzia ugonjwa nguvu. Nimeelezwa kwamba baada ya hapo sitaweza kuzaa wala kukutana na mwanamke. Nimeelezwa kwamba ninaweza kukataa, na nikikataa nitaendelea kutunzwa.*

Alikwenda nayo kwa Bi. Frida.

"Bi. Frida, nakuomba. Huyu wa kitanda cha dirishani ni baba mkwe wangu."

"Pole. Kwa hiyo?"

"Siwezi kumsomea haya. Kwetu ni mwiko. Hata jina lake siwezi kulitamka. Asome mtu mwingine, hii moja tu."

Mwanasha alikuwa pale akijaza dawa kwenye trei. "Nitasoma mimi, Bi. Frida," alisema upesi. "Si dakika nyingi."

"Wewe uliisikia kaseti?" Bi. Frida alimgeukia. "Ukisoma vibaya nani atajibu? Mnataka turudi kule kwa yule mama wa kizazi?" Akamrudia Anyesi, sauti imeshuka, na sauti yake ikishuka ndipo ilipokuwa mbaya. "Sikiliza, mama. Wasichana wenye vyeti vya uhazili wamejaa mji huu, wanafika hapa kila siku kuuliza nafasi. Hawana mkwe, hawana mwiko. Kesho asubuhi mzee anaingia chumba cha upasuaji. Kama huwezi kumsomea, niandikie barua ya kuacha kazi. Kuandika si unajua?"

---

Jioni hiyo Gideoni alijinyoosha kitandani kama kawaida. "Leo naumwa nini?"

Anyesi hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamwambia yote.

Gideoni aliondoa shuka mwilini mwake kana kwamba limemchoma.

"Nenda ukamwambie wewe," Anyesi alimsihi. "Wewe ni mwanawe, mwanamume mwenzake. Alfajiri, kabla sijaenda na karatasi. Akishajua, mimi nitasoma tu kutimiza wajibu, naye atajifunika asinisikie."

"Mimi? Nikamwambie baba yangu kwamba atahasiwa?"

"Anaweza kukataa, Gideoni. Imeandikwa. Lazima aambiwe kwamba anaweza kukataa."

"Akikataa atakufa."

"Atakufa hata akikubali. Yanatofautiana maumivu tu na muda."

"Basi mwache apate muda." Gideoni alisimama, akavaa kandambili. "Usiniingize. Baba yangu hajawahi hata kuniona nikioga. Mtu wa hospitali ni wewe. Tafuta namna. Wewe si umejifunza kusoma?"

Akatoka. Mlenda ukaungua jikoni, na hakuna aliyeuondoa.

---

Asubuhi Mzee Ndahani alimsikia mkamwana wake anakuja, akajifunika uso. Lydia alikuwa amekwenda kutafuta chai. Bi. Frida alisimama mlangoni mwa wodi, mikono kifuani, mbali kidogo, akisubiri kusikia sauti tu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo hukuleta uji?"

"Leo hamruhusiwi kula, Baba. Leo ndiyo siku ya upasuaji. Nimekuja kuwasomea."

"Wewe ndiye msomaji?" Chini ya shuka sauti ya mzee ilijaa fahari. "Haya, soma, mwanangu. Kumbe tuna mtu wetu."

Anyesi aliinua karatasi. Aliitazama mikono ya mzee juu ya shuka, mikono mikavu ya mchungaji, imetulia kabisa. Ilimwamini. Akafungua mdomo, na jina lile la kwanza tu likagoma. Akaruka mstari. Mstari uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Macho yake yakaondoka kwenye karatasi, na sauti yake, ile aliyoihangaikia miezi yote, ikatoka imara na nzuri, ikasema maneno ambayo hayakuandikwa popote.

"Baba, daktari anasema ugonjwa uko kwenye njia ya haja ndogo. Wataingia huko chini, watatoa kinacholeta ugonjwa. Mtapata nafuu."

"Watatoa hicho kinachonizuia kukojoa?"

"Ndiyo, Baba."

"Mpira huu utatoka?"

"Utatoka, Baba."

"Asante, mwanangu. Lete huo wino."

Alibonyeza dole gumba. Mlangoni Bi. Frida aliyekuwa amesikia sauti bila kuyapata maneno aligeuka akaenda zake. Baadaye kidogo Dokta Respicius alipita na kanzu yake ya kijani. "Mzee, umesomewa?"

"Nimesomewa vizuri sana, daktari. Na mkwe wangu mwenyewe."

Daktari alimtazama Anyesi. "Yote?"

"Yote," alisema Anyesi.

---

Mzee hakupiga kelele alipojua. Alijua siku ya kufunguliwa bandeji, Mwanasha alipokuwa akimsafisha. Alipeleka mkono wake taratibu, akapapasa, akaurudisha juu ya kifua. Mwanasha aliuona mkono ule. Aliacha kusafisha, akaushika, akakaa nao mpaka walipomwita wodi nyingine.

Kuanzia hapo mzee alifunika uso kwa kila mtu. Kwa Lydia, kwa Gideoni, kwa daktari. Hakula. Anyesi alipoleta uji jioni, alidhani hatajibiwa salamu. Alijibiwa. Kisha mzee akauliza, pole pole, kutokea ndani ya shuka:

"Mwanangu. Siku ile karatasi ilisema nini?"

Anyesi alipiga magoti kwenye saruji. "Nisameheni, Baba. Ilisema. Mimi sikuweza kutamka."

"Ilisema hayo waliyonifanya?"

"Ilisema, Baba. Na ilisema mnaweza kukataa."

Kitanda cha pili mtu alikohoa, akatema kwenye kopo.

"Nimehasi madume mengi," alisema mzee. "Dume la ng'ombe hushikwa na watu wanne. Linapiga mateke, linalia, lakini linajua linafanywa nini." Akavuta pumzi. "Mimi niliwashukuru."

Anyesi alilia bila sauti. Mzee alimwacha alie. Kisha akauliza swali jingine, la ajabu kwa wakati ule: "Gideoni amepata kazi?"

"Bado, Baba."

"Kwa hiyo watoto wanakula kwako."

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Nenda, usije ukachelewa kuwapikia."

---

Lydia ndiye aliyeleta vita. Alipoelewa kilichompata baba yake, sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Mmemharibu baba yangu bila kumwambia! Mzee asiyejua kusoma! Nitakwenda polisi, nitakwenda kwa mkuu wa mkoa, nitalala hapa mlangoni!" Gideoni alisimama nyuma yake, akitazama viatu vyake.

Dokta Respicius alikuja na faili, Bi. Frida akimfuata. Mapazia yakavutwa kukizunguka kitanda, kana kwamba mapazia huzuia sauti. Anyesi aliitwa.

"Karatasi hii uliiandika wewe?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, Dokta."

"Ulimsomea mgonjwa?"

Kabla hajajibu Bi. Frida aliingilia. "Dokta, mwambie aisome hapa hapa, mbele ya ndugu. Tusikie kilichosomwa. Kama hakusoma, hospitali haina kosa, mwenye kosa ataonekana."

"Soma," alisema daktari.

Anyesi aliipokea. Aliamua kwamba ataisoma yote, halafu atasema ukweli: kwamba siku ile hakusoma hata neno moja. Kazi iende. Hakuona tena cha kuogopa. Mtu aliyekuwa akimwogopea aibu alikuwa amekwisha kufanyiwa yote. Akasimama karibu na kitanda, kama alivyojizoeza.

"Mimi, Ndahani Chilewa wa Gulwe," alisoma.

Lydia alishika mdomo. Mkamwana ametamka jina.

Anyesi hakusita. Alisoma saratani, akasoma tezi dume. Alisoma korodani zote mbili, kwa sauti iliyofika hadi korido, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaacha kukohoa. Alisoma kwamba hataweza kuzaa wala kukutana na mwanamke. Alisoma mstari wa mwisho polepole kuliko yote: "Nimeelezwa kwamba ninaweza kukataa, na nikikataa nitaendelea kutunzwa."

Alikunja karatasi. Akafungua mdomo aseme lile jingine.

"Ndivyo alivyosoma," alisema Mzee Ndahani.

Wote waligeuka. Mzee alikuwa ameshusha shuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukwe, Anyesi aliuona uso wake wote, mchana kweupe: mashavu yameingia, macho mekundu, makavu.

"Baba!" Lydia alipiga kelele. "Alikutamkia hayo? Wewe na masikio yako?"

"Alinisomea neno kwa neno. Nilisikia. Nikaweka dole. Hakuna aliyenidanganya." Akamtazama daktari. "Sasa mniache nilale."

Dokta Respicius alitoa pumzi, akafunga faili. Bi. Frida alimtazama Anyesi kwa jicho jipya, jicho la mtu aliyetoa bei ya chini akakuta bidhaa ni halisi. Mwanasha peke yake, aliyekuwa ameshika pazia, aliitazama mikono ya mzee. Haikuwa imetulia. Ilikuwa imekamata shuka kwa nguvu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Aliliachia pazia, akarudi kwenye trei yake ya dawa.

---

Barua ya ajira ya kudumu ilitoka mwisho wa mwezi, na Bi. Frida aliileta mwenyewe. "Hongera," alisema. "Mtu anayeweza kumsomea mkwewe vile, huyo anaweza kumsomea yeyote."

Mzee Ndahani hakulala Makole hata usiku mmoja. Alitaka apelekwe stesheni kutoka hospitalini. Anyesi alipika ugali wa uwele wa njiani, akaufunga vizuri. Lydia aliupokea, akampa mama mmoja aliyekuwa akiomba pale kwenye ngazi.

"Kwetu hatuli kwa mwanamke asiye na haya," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na abiria. "Umemvua nguo baba yangu kwa mdomo wako kabla hawajamvua wao. Ungekosa nini ungekataa? Kazi! Kwa ajili ya kazi!"

Anyesi alimtazama mumewe. Gideoni alijua kwamba siku ile mkewe hakusoma. Alijua ni jioni gani aliombwa, na nani aliyemwomba, na nani alivaa kandambili akatoka. Neno moja tu lingetosha. Lakini hilo neno lingefika hospitalini kabla ya treni kufika Gulwe, na kazi ingepotea; Gideoni alilijua hilo pia. Au pengine hakuliwaza kabisa. Pengine alijiwazia yeye tu.

"Ungeweza kutafuta namna," alisema Gideoni, na kuyaelekeza macho yake relini.

Mzee alikuwa tayari ameketi ndani, dirishani, shuka begani. Anyesi alisogea chini ya dirisha, akapiga goti kwenye kokoto.

"Safari njema, Baba."

Mzee hakujifunika. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anavyomtazama mgeni anayefanana na mtu aliyewahi kumpenda. Kisha akasema, "Usije Gulwe, mwanangu. Hata wakikuita. Hata kwa msiba wangu." Treni ilipotingishika aliongeza, "Walishe watoto."

Wazee wa ukoo waliagiza mbuzi wa kufuta aibu. Alinunuliwa kwa mshahara wa kwanza wa Anyesi wa ajira ya kudumu. Gideoni ndiye aliyempeleka, akarudi, akahamishia mkeka wake chumba cha mbele. Jioni hazikuwa tena na mgonjwa wa kukataa.

---

Masika yalipoanza waliletwa wagonjwa wengi. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja wa Mpwapwa, na kaseti yake ilisema yale yale, karibu neno kwa neno. Anyesi aliichapa. Akaenda wodini akavuta kiti, jambo ambalo amri haikumtaka kulifanya, akakaa usawa wa uso wa mgonjwa.

Mtoto wa kiume wa mzee yule alikuwapo, na mkewe, msichana mdogo aliyekuwa bado na kitenge chake cha harusi. Mara Anyesi alipolifikia neno lenyewe, kijana alitoka nje. Msichana aliziba masikio, akageukia ukuta.

Anyesi alisoma mpaka mwisho. Mikono ya mzee ilikuwa imeshika shuka. Akarudia, polepole zaidi, bila kupunguza neno. Kisha akasema, "Baba, sasa niambie wewe, kwa maneno yako. Watakufanya nini?"

"Mama, usinitese," alisema mzee.

"Niambie, Baba. Ukishaniambia, ndipo useme unataka au hutaki."

Mzee alianza kulia, kilio cha mtu mzima kisichojua njia ya kutokea. Yule msichana aligeuka kutoka ukutani, akamtazama Anyesi kwa chuki ya moyo wote.

"Huyu mwanamke," alisema, "hana haya hata kidogo."

Anyesi alilisikia. Alivuta kiti karibu zaidi, akaisoma karatasi kwa mara ya tatu.